Beryl Markham, Rubani Aliyejifunza Injini



Mnyororo wa baiskeli yako ukikatika kati ya Dutwa na Bariadi, unashuka. Unaikokota baiskeli mpaka kwa fundi. Utapata taabu, lakini miguu yako iko juu ya ardhi. Sasa fikiria mtu aliye angani. Injini ikizimika, hawezi kushuka na kuikokota ndege. Wala hapati fundi wa kumwita. Kwa hiyo rubani anatakiwa kujua mambo mawili: kurusha ndege, na kuielewa injini inayombeba.

Leo utasoma maisha ya mwanamke mmoja aliyejifunza mambo hayo mawili hapa Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Jina lake ni Beryl Markham.

Utoto wake

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902. Alipokuwa mtoto mdogo alihamia Kenya na wazazi wake. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na farasi huko Njoro. Mama yake alirudi Uingereza, akamwacha binti kwa baba.

Beryl alikua akicheza na watoto wa Kiafrika wa pale shambani. Alizungumza Kiswahili. Alijifunza kurusha mkuki na kwenda kuwinda. Rafiki yake mmoja aliitwa Kibii. Alipokuwa mtu mzima, Kibii aliitwa arap Ruta.

Shuleni Beryl hakukaa muda mrefu. Kisha ukame ukaja, na baba yake akapoteza mali yake. Baba aliondoka Kenya, lakini Beryl alibaki. Alipokuwa na umri wa miaka kama 18, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano. Hivyo alijipatia riziki kwa kazi yake mwenyewe.

Masomo ya alfajiri

Baadaye Beryl alitamani kuwa rubani. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi. Masomo yalianza alfajiri, kabla ya jua kuchomoza.

Siku moja Beryl aliielekeza ndege kwenye milima ya Ngong. Ndege ikaanza kushuka, ingawa injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu zote. Mwalimu alinyamaza. Alimwacha aone hatari kwa macho yake. Halafu akaigeuza ndege na kumweleza sababu. Upepo ukivuka mlima, huteremka kwa nguvu upande wa pili, na huisukuma ndege chini. Beryl hakulisahau somo hilo.

Mwaka 1931 alipata leseni ya kwanza. Leseni hiyo ilimruhusu kuruka, lakini haikumruhusu kubeba watu kwa malipo. Ili afanye kazi ya urubani, alihitaji leseni ya pili. Hapo ndipo palipokuwa na kazi kubwa.

Kuruka na kusoma kwa pamoja

Kwa leseni ya pili, kujua kurusha ndege hakukutosha. Beryl alipaswa kufungua injini. Alipaswa kusafisha machujio na vitundu vya kupitisha petroli. Alipaswa kubadili plagi, na kukagua sehemu inayotoa umeme wa plagi. Pia ilimbidi kujua sheria za anga na namna ya kutafuta njia kwa ramani na dira.

Yeye hakuacha kuruka ili asome kwanza. Aliendelea kuongeza saa zake za angani. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza, akitua kituo baada ya kituo. Mwaka 1933 alipata leseni ya pili. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata.

Sasa alianza kulipwa. Alibeba barua, abiria na mizigo. Aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, alimsaidia kutunza ndege.

Katika kitabu chake, Beryl anaeleza safari moja ya mwaka 1935. Usiku alipeleka hewa ya oksijeni kutoka Nairobi hadi Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria. Mchimbaji mmoja alikuwa mahututi. Baada ya hapo alimtafuta rubani mwenzake aliyepotea, akamkuta mbugani Serengeti na ndege yake iliyoharibika. Serengeti hiyo ndiyo inayopakana na mkoa wetu wa Simiyu.

Usiku juu ya bahari

Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza. Alitaka kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake mpaka Marekani. Upepo ulivuma kutoka mbele. Mvua na giza vilimzunguka.

Usiku ule injini ilizimika ghafla. Tangi moja lilikuwa limekwisha petroli. Ndege ikaanza kushuka kuelekea majini. Beryl alipapasa gizani, akaipata koki ya tangi lingine, akaifungua. Akangoja. Ndege ilizidi kusogea majini. Mwishowe injini ikanguruma tena.

Safari haikwisha kama alivyopanga. Barafu iliziba tundu la kuingiza hewa katika tangi la mwisho, na petroli haikufika vizuri kwenye injini. Barafu ile ilikuwa mahali ambapo mkono wake usingeweza kufika. Alijitahidi mpaka akaona nchi kavu, akatua kwenye tope huko Nova Scotia, Kanada. Ndege iliharibika na yeye aliumia kichwani, lakini alipona. Alikuwa amekaa angani saa 21 na dakika 25. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake, kutoka Uingereza kwenda magharibi, bila kutua njiani.

Mwaka 1942 kitabu chake kilichapishwa Marekani. Baadaye alirudi Kenya na kufundisha farasi tena. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Tunajifunza nini?

Kumbuka kwamba siku za ukoloni nafasi kama ile haikutolewa kwa kila mtu. Beryl na arap Ruta walikua pamoja, lakini mmoja alifundishwa urubani na mwingine akabaki msaidizi. Leo milango imefunguka zaidi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha vijana wetu ufundi wa ndege. Kijana wa Bariadi, wa kiume au wa kike, anaweza kufika huko akisoma kwa bidii.

Nawe, msomaji, unalima pamba mchana na kusoma jioni. Usiseme kwamba kazi na masomo haviendi pamoja. Ujue chombo unachokitumia, kiwe plau, cherehani au mashine ya kusaga. Ujuzi hauondoi kila hatari, lakini hukupa la kufanya hatari inapokuja.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini rubani anatakiwa kuielewa injini?
2. Kwa nini Beryl alihitaji leseni ya pili?
3. Wewe unatumia chombo gani kila siku? Kikiharibika, unaweza kutengeneza nini mwenyewe?