Coluche, mchekeshaji aliyetaka kiti cha raisi wa Ufaransa

Kila uchaguzi ukikaribia, swali moja linarudi: musanii anayependwa na watu, aende kuomba kura? Wengine wanasema ana haki sawa na raia yeyote. Wengine wanasema kuchekesha watu na kuongoza inchi ni kazi mbili. Maisha ya Coluche, aliyefariki mwaka 1986, yanatusaidia kufikiri.

Jina lake la kuzaliwa ni Michel Colucci. Alizaliwa Paris tarehe 28 mwezi wa kumi 1944. Baba yake, mtu wa Italia aliyekuwa anapaka nyumba rangi, alifariki Michel akiwa mtoto mdogo sana. Mama akabaki na watoto wawili kule Montrouge, pembeni ya Paris, na makuta ilikuwa shida. Kijana aliacha masomo mapema, akapita kazi nyingi ndogo ndogo. Mwaka 1969 alikuwa kati ya wale walioanzisha Café de la Gare, nyumba ya maigizo. Hapo njo jina lilianza kupanda.

Watu walimjua kwa salopeti yake ya mistari na mdomo usioogopa mkubwa. Alicheka wanasiasa, polisi, matajiri, hata masikini wenzake. Ku redio pia alipita, lakini Radio Monte-Carlo ilimfukuza mwaka 1980, baada ya siku chache tu.

Mwisho wa mwezi wa kumi 1980 alitangaza kwamba atagombea uraisi, uchaguzi wa 1981. Wengi walisema ni mchezo. Yeye mwenyewe alianza kwa mchezo. Lakini mwezi wa kumi na mbili, kura za maoni zilimpa karibu watu 16 kati ya 100. Wakubwa wakaacha kucheka. Vyama vilihofia kura zao, redio na televisheni zikamfungia mlango, barua za kumtisha zikaanza kufika. Mmoja wa watu wake wa kazi aliuawa kwa risasi. Baadaye ilionekana ni mambo ya binafsi, siyo siasa, lakini wakati ule woga uliingia. Tena sheria iliomba sahihi 500 za viongozi waliochaguliwa, kama vile mameya, na hakuzipata. Mwezi wa tatu 1981 akajiondoa. François Mitterrand njo alichaguliwa, mwezi wa tano.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi kwake. Hata hivyo filamu Tchao Pantin, ambamo hachekeshi hata kidogo, ilimpa zawadi ya César mwaka 1984.

Kisha ikafika tarehe 26 mwezi wa tisa 1985. Akiwa ku redio Europe 1, alitoa wazo la kufungua fasi za kuwapa wenye njaa chakula bure. Mwimbaji Jean-Jacques Goldman akatunga wimbo wa kusaidia kazi hiyo. Wakati wa baridi ule wa kwanza, Restos du Cœur iligawa sahani milioni 8 na nusu. Coluche alienda mpaka Bunge la Ulaya, Strasbourg, kuomba chakula kilichokuwa kinabaki katika magala kiwafikie masikini.

Hakuona matunda yote. Tarehe 19 mwezi wa sita 1986, pikipiki yake iligonga kamio karibu na Opio, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 41.

Mwaka 1988 wadepite walipitisha sheria inayopunguzia kodi watu wanaotolea mashirika ya kusaidia masikini. Mpaka leo watu wanaiita sheria ya Coluche. Na Restos du Cœur sasa inagawa sahani zaidi ya milioni 100 kila mwaka.

Mtu anaweza kusema: basi, wasanii wabaki jukwaani. Lakini tuangalie vizuri. Sauti ya mchekeshaji iliamsha watu, ila sheria ilihitaji wadepite. Na kupendwa kwake hakukumkinga siku siasa ilipokuwa ya kweli. Kwa hiyo msanii akija kutuomba kura, tusimuulize nyimbo ngapi ameimba. Tumuulize amefanyia nini raia kabla ya kutaka kiti, na nani atafanya naye kazi akikipata. Na yule asiye msanii pia, tumuulize vile vile.