Sheria na Sura ya Mzee Kenyatta

Je, sheria ipanuliwe kiasi gani ili kumjengea kiongozi kumbukumbu? Swali hili latugusa sisi wa Bahati kwa namna ya pekee.

Jomo Kenyatta alitiwa mbaroni tarehe 20 Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria, akaachiliwa mwaka 1961. Tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, alisimama mjini Nakuru mbele ya masetla waliojaa hofu, akawaomba wasahau yaliyopita na wabaki walime. Hekima hiyo iliepusha mengi. Hata hivyo, ardhi ya masetla iliuzwa, haikugawanywa bure. Wengi walioitolea jasho walibaki bila kipande.

Alikuwa Rais tangu mwaka 1964 hadi alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa katika uwanja wa Bunge. Sura yake iliingia katika noti zetu mwaka 1966. Katiba ya 2010 ikakataza picha ya mtu yeyote katika noti na sarafu, na sikukuu iliyobeba jina lake ikawa ya Mashujaa wote. Noti za 2019 zilipotoka na sanamu yake mbele ya jumba la KICC, kesi ilifika Mahakama Kuu, ikatupwa.

Kwa maoni yangu, sheria iishie hapo. Sanamu huonyesha uso tu. Msamaha wa Nakuru na kilio cha wasio na ardhi vyahitaji mwalimu na ubao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.