August Wilson, mpishi wa Saint Paul aliyeandika karne nzima jukwaani

Linapotajwa jina la August Wilson, wengi hukumbuka mji wa Pittsburgh, na wana haki, kwani michezo ya kuigiza tisa kati ya kumi iliyomletea sifa inatokea huko. Lakini alipoanza kuiandika hakuwa Pittsburgh. Alikuwa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako barafu hukaa miezi. Aliishi huko miaka 12, na alifika akiwa mtu asiyejulikana.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili mwaka 1945 akapewa jina la baba yake, Frederick August Kittel, mwoka mikate, mhamiaji mzungu kutoka Ulaya ya kati aliyezungumza Kijerumani. Baba huyo alionekana nyumbani kwa nadra. Watoto sita walilelewa na mama, Daisy Wilson, mwanamke mweusi kutoka North Carolina, aliyesafisha nyumba za watu. Waliishi katika vyumba vya nyuma ya duka, kwenye mtaa wa Hill District.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliandika insha ndefu juu ya Napoleon. Mwalimu hakuamini kwamba kijana mweusi angeweza kuandika vile, akamtuhumu kuinakili. Kijana akaitupa insha, akatoka na hakurudi tena darasani. Kwa muda alimficha mama yake: kila asubuhi aliondoka kama anayekwenda shule, kumbe anakwenda maktaba ya Carnegie kusoma vitabu. Miaka mingi baadaye maktaba hiyo ikampa cheti cha heshima cha kumaliza sekondari.

Mwaka 1965 baba yake alifariki. Mwaka huo huo kijana alinunua taipureta kwa dola 20, akachukua jina la ukoo wa mama na kuanza kujiita August Wilson. Alitaka kuwa mshairi. Aliketi katika mikahawa na vilabu vya pombe akiandika juu ya vipande vya karatasi, huku wazee wa mtaa wakibishana kando yake. Mwaka 1968 alianzisha pamoja na Rob Penny kundi la maigizo la Black Horizons, lakini yeye mwenyewe alishindwa kuandika mazungumzo. Wahusika wake walisema kwa lugha ya kujifanya, kama watu wanaosoma hotuba. Alipomuuliza Penny namna ya kuwafanya waseme, jibu lilikuwa kwamba hawafanywi kusema, bali husikilizwa. Ilimchukua karibu miaka kumi kulielewa jibu hilo.

Mwaka 1978 rafiki yake Claude Purdy, mwongozaji wa maigizo, alimshawishi ahamie Saint Paul. Huko alipata kazi katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la Minnesota, kuandika maigizo mafupi kwa ajili ya wageni wa jumba hilo. Wakati huo watu weusi walikuwa wachache sana Minnesota. Hivi leo Minneapolis ina jamii kubwa ya Wasomali, na Wakenya nao si haba, lakini mwaka 1978 mtu aliyetoka Hill District angeweza kupita mitaa kadhaa bila kusikia sauti inayofanana na yake. Ni katika ukimya huo ndipo alipoanza kuzisikia vizuri sauti za wale wazee wa Pittsburgh. Msomaji anayeishi ughaibuni hahitaji kuelezwa zaidi: methali ambayo nyumbani huisikii kwa mazoea, ugenini hukujia usiku wa manane.

Katika mkahawa mmoja wa samaki na viazi aliandika, kwa muda wa siku kumi hivi, mchezo wa Jitney, unaohusu madereva wa teksi bubu wa Pittsburgh, ambao walihudumia mitaa ambayo teksi zenye leseni zilikataa kwenda. Kwa mchezo huo, mwaka 1980 alipata ufadhili wa Playwrights' Center, kituo cha watunzi kilichoanzishwa Minneapolis mwaka 1971. Kituo hicho humpa mtunzi fedha kidogo na, muhimu zaidi, waigizaji wa kumsomea mswada wake kwa sauti. Mtunzi hukaa pembeni akisikiliza mahali sentensi inapomshinda mwigizaji. Huko Saint Paul ukumbi wa Penumbra, ulioanzishwa na Lou Bellamy mwaka 1976, ukawa wa kwanza kuigiza kazi yake kwa kiwango cha kulipwa. Mwenyewe aliacha kazi ya makumbusho, akawa mpishi wa shirika la Little Brothers of the Poor linalohudumia wazee wapweke. Asubuhi jikoni, muda uliobaki kalamu.

Kila mwaka alipeleka miswada kwenye mkutano wa watunzi wa kituo cha Eugene O'Neill, Connecticut, na kila mara ilikataliwa. Mwaka 1982 ukakubaliwa mchezo wa Ma Rainey's Black Bottom, juu ya wanamuziki weusi katika studio ya kurekodi mjini Chicago mwaka 1927. Huko alikutana na Lloyd Richards, mkuu wa shule ya maigizo ya chuo kikuu cha Yale, naye akawa mwongozaji wake. Wawili hao walikuwa na utaratibu wao: mchezo ulianza Yale, ukazungushwa katika kumbi za miji mbalimbali, na kila mahali Wilson alikata na kuandika upya, mpaka ulipofika Broadway, New York. Watazamaji wa mikoani, bila kujua, walisaidia kuuhariri. Kwetu jambo kama hilo lilitokea Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walipomrekebisha Ngũgĩ wa Thiong'o na mwenzake katika mazoezi ya hadhara. Tofauti ni kwamba Ngũgĩ aliishia kizuizini.

Ma Rainey ulifika Broadway mwaka 1984. Mwaka 1987 ukafuata Fences, juu ya mzoa taka aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa besiboli lakini akafungiwa milango kwa rangi yake, nafasi iliyochezwa na James Earl Jones. Mchezo huo ulipata tuzo za Pulitzer na Tony, na meya wa Saint Paul akatangaza siku ya August Wilson. Pulitzer ya pili ilikuja mwaka 1990 kwa The Piano Lesson. Mwaka huo, baada ya ndoa yake ya pili kuvunjika, alihamia Seattle.

Kulikuwa pia na mgogoro. Hollywood ilitaka kuifanya Fences filamu, Wilson akashikilia kwamba mwongozaji awe mtu mweusi. Waliomlaumu walisema sanaa haina rangi. Yeye aliona kwamba anayeongoza lazima awe ameishi ndani ya utamaduni ule. Filamu haikutengenezwa katika uhai wake. Ilitoka mwaka 2016, ikiongozwa na Denzel Washington, na Viola Davis akapata tuzo ya Oscar.

Lengo lake lilikuwa mchezo mmoja kwa kila muongo wa karne ya 20. Wa mwisho, Radio Golf, uliigizwa kwanza Yale mwaka 2005. Mwezi Juni mwaka huo madaktari walimkuta na saratani ya ini, akafariki Seattle tarehe 2 Oktoba akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa Pittsburgh. Wiki mbili baadaye ukumbi wa Virginia wa Broadway ulipewa jina lake, wa kwanza huko kuitwa kwa jina la Mmarekani mweusi. Jitney, ile ya mkahawa wa samaki, iliingia Broadway mwaka 2017, ya mwisho kati ya zote kumi.