Askofu Weston na Wapagazi wa Vita

Frank Weston, Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1898, akawa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akakiongoza mwenyewe huko bara, akitembea nao kwa miguu. Wapagazi wa vita ile walibeba chakula na risasi vichwani. Wengi walikufa kwa maradhi na uchovu. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawataja katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mchukuzi naye alistahili. Mwaka 1920 Askofu aliandika kuipinga serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kazi. Alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, siku Kanisa linapowaombea marehemu wote.