Edmond Thieffry: rubani aliyefika Kongo kwa kungoja

Wakaaji wa Kanyaruchinya, kaskazini mwa muji wa Goma, wamezoea mngurumo wa ndege. Lakini ni wachache wanaojua kwamba rubani aliyeongoza safari ya kwanza ya ndege kutoka Ubelgiji hadi Kongo alipoteza maisha upande huu wa mashariki, karibu na ziwa Tanganyika.

Edmond Thieffry alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1892 huko Etterbeek, mtaa wa Brussels. Alisomea sheria akawa avoka. Vita vya 1914 vilipoanza, alikamatwa na Wajerumani, akatoroka kwa pikipiki hadi Uholanzi. Kisha akaingia jeshi la anga.

Mwanzoni hakuwa rubani wa kusifiwa. Inaelezwa kwamba akiwa mwanafunzi aliharibu ndege nyingi, hata wakubwa wake wakaona afadhali arushe ndege ya mtu mmoja, asihatarishe mwenzake. Hata hivyo, aliangusha ndege 10 za adui, na jina lake likavuma. Mwezi wa pili 1918 yeye mwenyewe aliangushwa, akachukuliwa mateka.

Baada ya vita alirudi kwenye kazi ya uavoka, lakini moyo ulibaki angani. Tarehe 12 mwezi wa pili 1925 aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, katika ndege ya Handley Page yenye injini tatu. Walipitia Ufaransa, Uhispania, jangwa la Sahara, Niger, Chad na Bangui. Walitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 mwezi wa ine.

Safari hiyo ya kilomita zaidi ya 8,000 ilichukua siku 51, lakini angani walikaa saa 75 hivi tu. Muda uliobaki, zaidi ya saa 1,100, walikuwa chini: wakilala, wakitengeneza mitambo, wakingoja hali ya hewa itulie. Mwenye kutafuta sifa angeona haya kukawia hivyo. Lakini ni kwa kungoja huko wote watatu walifika wakiwa hai.

Mwaka 1928 Thieffry alijaribu tena mara mbili, bila kufika. Mwaka uliofuata alikuja Kongo kutafuta njia za ndege za ndani ya inchi. Tarehe 11 mwezi wa ine 1929, kukiwa na dhoruba, ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Alikufa pamoja na mwenzake Gaston Julien. Alikuwa na miaka 36.

Mwezi wa ine ni majira ya mvua, na mwenye kuishi kati ya milima na ziwa anajua jinsi mawingu yanavyofunga ghafla. Ndani ya wingu la radi upepo hupanda na kushuka kwa nguvu, na ndege ndogo inaweza kusukumwa hadi chini. Hapo ushujaa wa vitani hausaidii kitu. Kinachookoa ni kurudi nyuma mapema, au kutoondoka kabisa.

Somo hilo si la marubani peke yao. Hata motari wa barabara ya Goma kwenda Rutshuru analijua: abiria hamlipi kwa mbwembwe, anamlipa ili afike.

Leo kituo kimoja cha metro huko Etterbeek kinaitwa Thieffry.