Jack Kirby, Fundi Aliyechora Mashujaa

Vijana hunijia na swali moja mara kwa mara: hivi vitabu vya picha vya mashujaa wa Kimarekani, wenye kuruka angani na kuinua magari kwa mkono mmoja, mtu avianzie wapi? Mashujaa wenyewe wamekwisha kuwaona katika sinema na runinga, na majina yao wanayajua. Lakini wakivifunua vitabu hupotea njia. Shujaa mmoja ana matoleo mia sita, mwengine mia nane. Amekufa mara tatu na kurudi mara nne. Ghafla huzuka ndugu yake ambaye hakutajwa hapo kabla. Kijana hukifunga kitabu akarudi zake kwenye sinema.

Jawabu langu ni kuwa asianze na shujaa, aanze na fundi. Sisi watu wa Pwani jambo hili halitupi taabu kulifahamu. Mlango wa nakshi wa Lamu huitwa mlango wa nyumba ya fulani, lakini mwenye jicho husimama akatazama maua na minyororo yake akauliza ni mkono wa nani. Na katika mafundi wa vitabu hivi mimi namchagua Jack Kirby. Mwenye kuyafuata maisha yake atakuwa ameipita takriban historia yote ya mashujaa hawa, tangu walipokuwa wachanga. Tena kisa chake kina jambo ambalo msomaji yampasa alijue kabla hajaingia katika nyumba hiyo, nalo ni habari ya ujira na haki ya mfanya kazi.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Jacob Kurtzberg. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 mjini New York, katika mitaa ya maskini iitwayo Lower East Side, ambako Mayahudi, Wataliani na Waairishi waliohamia Marekani walibanana ghorofa juu ya ghorofa. Baba yake alitoka Austria naye alikuwa mfanya kazi wa kiwanda cha nguo. Watoto wa mtaa mmoja walipigana na wa mtaa wa pili kwa ngumi na mawe, na Jacob, ambaye hakuwa mrefu, alijifunza mapema kupiga kabla ya kupigwa. Hayo nayataja kwa makusudi. Katika michoro yake ngumi haitupwi kama katika picha nyengine. Mwili mzima huifuata, na anayepigwa huruka kuvuka kijisanduku cha picha kana kwamba atamwangukia msomaji mapajani. Alichora kitu alichokijua.

Shule ya uchoraji aliingia akiwa na umri wa miaka kumi na minne akaiacha baada ya muda wa wiki moja. Mengine alijifundisha mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1930 alipata kazi katika studio ya Fleischer, waliokuwa wakitengeneza katuni za Popeye, akichora picha zile za katikati zinazoufanya mkono wa katuni utoke chini ufike juu. Aliona meza zimepangwa safu kwa safu, akaona ni kiwanda kile kile cha baba yake kwa sura nyengine, akaondoka.

Mwaka 1938 akatokea Superman, aliyebuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo. Wachapishaji wote wa New York wakataka shujaa wa namna hiyo, na Kirby, aliyekuwa ameshajipa jina hilo jipya, akashirikiana na Joe Simon. Mwezi Desemba 1940 wawili hao walitoa toleo la kwanza la Captain America. Jaladani shujaa huyo anampiga Hitler ngumi ya taya. Marekani haikuwa imeingia vitani. Ilibaki mwaka mzima. Waliokuwa wakimpenda Hitler mle mle New York walileta vitisho vya kuua, na kwa masimulizi ya Simon polisi waliwekwa kulinda ofisi. Kitabu kiliuza karibu nakala milioni moja kwa senti kumi kila kimoja. Simon na Kirby walikuwa wameahidiwa fungu la faida. Kwa masimulizi ya Simon, walipoona fungu hilo halilingani na mauzo wakahamia kampuni nyengine baada ya matoleo kumi. Katika ofisi ile waliyoiacha alikuwamo kijana mtumwa-tumwa wa kazi ndogo ndogo, ambaye hajatimiza hata miaka ishirini, aitwaye Stan Lee. Tutamrudia.

Mwaka 1942 Kirby alimwoa Rosalind Goldstein, naye akawa mkewe mpaka kufa kwake. Mwaka uliofuata akaandikishwa jeshini, na Agosti 1944 akashushwa ufukoni Normandy, Ufaransa. Alisimulia kuwa ofisa mmoja alipojua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimtuma mbele ya jeshi, karibu na adui, akachore ramani za mahali. Ajabu ya sifa! Majira ya baridi miguu yake iliganda na kuvimba hata madaktari wakafikiri kuikata. Miguu ilipona, akarudishwa kwao mwaka 1945, na ndoto za vita zilimfuata miaka mingi.

Baada ya vita watu walichoka na mashujaa. Yeye na Simon wakatoa Young Romance mwaka 1947, kitabu cha kwanza cha picha cha mapenzi, kikauzwa sana. Halafu mwaka 1954 likaja balaa: daktari mmoja wa maradhi ya akili aliandika kuwa vitabu vya picha vinaharibu watoto, Baraza la Seneti likafanya uchunguzi, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali. Makampuni mengi yalifungwa. Wachoraji waliosifika wakaenda kuchora matangazo ya sabuni. Mwaka 1958 Kirby, mwenye watoto wa kulisha, alibisha hodi katika ofisi ile ile aliyoiacha 1941. Mhariri sasa ni Stan Lee.

Hapa ndipo msomaji mpya atie nanga. Mwaka 1961 Lee na Kirby walitoa Fantastic Four, watu wanne waliobadilika miili yao baada ya safari ya angani. Si watu wa kuabudiwa. Hugombana, hukosa kodi ya nyumba, huoneana wivu. Mmoja wao, Ben Grimm, amegeuka jabali la mawe ya rangi ya machungwa, ana nguvu za kuvunja ukuta lakini hawezi kutembea njiani asikimbiwe. Ametoka mtaa wa magenge, mkali wa maneno, laini wa moyo; Kirby mwenyewe alikuwa akikiri kuwa Ben ni yeye. Sisi tuliokua na kisa cha Fumo Liyongo hatuoni ajabu kuwa shujaa asiyeshindwa na majeshi anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe. Shujaa asiye na kitovu cha kuchomwa hana kisa. Wamarekani wa vitabu vya picha walichelewa kulijua hilo, na 1961 ndio mwaka waliolijua.

Wakafuata wengine mbio mbio: Hulk na Thor 1962, X-Men na Avengers 1963. Kirby alijifungia katika chumba cha chini ya nyumba yake Long Island akachora kurasa tatu, nne, na pengine zaidi kwa siku. Na kazi ilikwenda hivi. Lee alitoa wazo, mara nyengine kwa mazungumzo ya simu tu. Kirby akaenda akakibuni kisa chenyewe, nani aingie, nani atoke, kipi kitokee ukurasa wa saba, akakichora chote kwa penseli na kuandika maelezo pembeni. Kisha Lee akatia maneno katika viputo, mwengine akapitisha wino, mwengine akatia rangi. Lee alikuwa na ulimi mtamu, na maneno yake yaliwapa wale watu uhai; hilo silikatai. Lakini kitabu kilipotoka kiliandikwa kuwa mwandishi ni Lee na mchoraji ni Kirby. Mimi nasema aliyeamua kisa kiende wapi ni mwandishi pia, hata kama hakuandika neno.

Ushahidi upo, tena ndio mlango ninaowashauri wageni wauingie: Fantastic Four toleo la 48 mpaka la 52, Machi hadi Julai 1966. Katika matatu ya mwanzo anakuja Galactus, jitu ambalo chakula chake ni ulimwengu mzima kama huu wetu. Lee na Kirby walizungumza habari za Galactus, na Kirby aliporudisha kurasa Lee alimkuta humo mtu wa rangi ya fedha, amesimama juu ya ubao, anapaa katikati ya nyota. Hakuwa amemwagiza. Kirby alifikiri kuwa jitu kubwa namna ile halikosi tarishi wa kulitangulia. Ndiye Silver Surfer, na kisa chote kikaja kumzunguka tarishi huyo, anayemwasi bwana wake kwa kumhurumia mwanamke kipofu. Toleo la 51 halina jitu wala nyota, ni mtu mwenye husuda anayejifunza thamani ya aliyemhusudu, nami nalipenda kuliko yote. La 52 linamleta Black Panther, mfalme wa nchi ya Kiafrika ya kubuni iitwayo Wakanda, mwenye elimu kuwapita wageni wake. Kwa Marekani ya 1966 haikuwa jambo dogo.

Asomapo, kijana asikimbilie maneno. Ukurasa huenda kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, lakini atazame picha kwanza, asome baadaye. Aone vidole vya pembe nne, mitambo mikubwa isiyoeleweka ni ya nini, na yale matone meusi ambayo Kirby aliyatumia kuonyesha nguvu inayochemka angani. Na wazazi wanaochukizwa na habari za miungu ya kale ya watu wa Kaskazini, kama huyo Thor, nawakumbusha kuwa tumesoma majini na wachawi wa Alfu Lela u Lela tangu utotoni kama hekaya, wala imani zetu hatukuzichukua humo.

Turudi kwa fundi. Mwaka 1968 kampuni iliuzwa, na wenye kununua hawakuona haja ya kumpa Kirby mkataba wa kumridhisha. Mwaka 1970 akahamia kwa washindani wao, DC, akaanza kazi aliyoiandika na kuichora mwenyewe: New Gods, Forever People na Mister Miracle, vitabu vitatu vyenye kisa kimoja cha vita baina ya dunia mbili. Adui wao ni Darkseid, mtawala anayetaka kuzitawala nia za watu, si miili tu. Maneno ya Kirby ni magumu kama mawe, yanakwaruza. Asiyezoea atamtamani Lee. Hata hivyo hapa ndipo mtu anapomsikia Kirby mwenyewe, na yule askari aliyeshuka Normandy yumo. Mauzo hayakuwaridhisha wenye kampuni, wakavisimamisha kabla ya kisa kufika mwisho. Akarudi Marvel kwa muda, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 akaingia kuchora katuni za runinga, ambako kwa mara ya kwanza alipata mshahara mzuri na bima ya matibabu, baada ya miaka arobaini ya kazi.

Wakati huo alichora pia mandhari ya sinema iliyokusudiwa na isiyotengenezwa. Michoro hiyo ikaangukia mikononi mwa majasusi wa Marekani, wakaitumia kujifanya watu wa sinema na kuwatoa wanabalozi sita Tehran, Januari 1980. Siri hiyo haikutolewa mpaka 1997, naye ameshazikwa.

Dhiki kubwa ilikuja uzeeni. Makampuni yalipoanza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za asili, ambazo huuzwa kwa bei kubwa, Marvel iliwapa wengine hati fupi ya ukurasa mmoja watie sahihi. Kirby, mwaka 1984, alipewa hati ya kurasa nne yenye masharti ambayo hakupewa mwengine, ili arudishiwe karatasi 88. Alikuwa amewachorea zaidi ya elfu kumi. Alikataa. Wachoraji wenzake, wakubwa kwa wadogo, walitia sahihi barua ya kumtetea, habari zikaenea magazetini, na mwaka 1987 akarudishiwa kama elfu mbili. Zilizobaki nyingi zilikuwa zimeshapotea au kuibwa.

Alifariki tarehe 6 Februari 1994 nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na umri wa miaka 76. Mashujaa wake hawakuwa mali yake. Wanawe walidai haki hizo kuanzia mwaka 2009, mwaka ule ule Disney ilipoinunua Marvel, wakashindwa mahakamani 2011 na katika rufani 2013. Septemba 2014, siku chache kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kama itaisikiliza kesi, pande mbili zilipatana kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Baada ya hapo jina la Kirby likaanza kuandikwa pamoja na la Lee vitabuni. Lilikuwamo pia katika sinema ya Black Panther ya 2018, ile aliyocheza Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, katika orodha ya majina inayopita mwishoni.