MacKenzie: Tabibu aliyegeuka msanifu wa viwanja vya gofu

JINA la Alister MacKenzie hutajwa sana pamoja na Augusta National, uwanja wa gofu ulioko Georgia, Marekani, ambao malango yake hufunguliwa kwa wanachama na wageni wao pekee. Wachache hufahamu kwamba msanifu huyo aliacha pia uwanja mdogo wa mashimo tisa katika kijiji cha Monte Rio, California, ambapo yeyote anayelipa ada huruhusiwa kucheza.

MacKenzie alizaliwa Agosti 30, 1870, mjini Normanton, Uingereza, katika ukoo wenye asili ya Scotland. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu kuwa daktari. Waingereza walipopigana na Makaburu kusini mwa Afrika kati ya 1899 na 1902, alihudumu jeshini kama daktari wa upasuaji.

Huko aliona jinsi Makaburu walivyoyatumia maumbile ya ardhi kujificha, hata adui akawakaribia bila kuwatambua. Somo hilo hakulisahau. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alilifunza jeshi la Uingereza mbinu hizo hizo. Aidha, katika viwanja vyake vya gofu, matuta na mashimo ya mchanga yalichongwa yakafanana na kazi ya upepo na mvua.

Uwanja wake wa kwanza ulikuwa Alwoodley, karibu na Leeds, mwaka wa 1907. Mnamo 1914 alishinda shindano la usanifu wa gofu lililoandaliwa na jarida la Country Life. Hatimaye aliacha utabibu, akasafiri hadi Australia na Marekani kusanifu viwanja.

Mwaka wa 1928, mwaka ambao uwanja wake maarufu wa Cypress Point ulifunguliwa, ndipo alipousanifu ule wa Monte Rio, uitwao Northwood. Uko kando ya mto Russian River katika kaunti ya Sonoma, eneo linalosifika kwa mashamba ya mizabibu na mvinyo. Haufiki yadi 3,000, lakini miti mirefu ya redwood imeubana kila upande, hivyo mwenye nguvu asiye na shabaha huadhibiwa vikali.

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya MacKenzie: uwanja bora humpa bingwa mtihani, lakini humwachia mchezaji dhaifu njia ya kupita.

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulimwandama. Augusta haikumlipa ujira wake wote, naye alikumbwa na ukata. Alifariki Januari 6, 1934, huko Santa Cruz, California, akiwa na umri wa miaka 63. Miezi miwili baadaye, Augusta iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ambayo leo yanaitwa Masters.

Hivyo hakuyaona mashindano yaliyolieneza jina lake duniani. Hata hivyo, anayetaka kuionja kazi ya mikono yake hahitaji mwaliko wa matajiri. Northwood ingali wazi.